Wadogo zangu wameandikwa kwenye daftari la matanga

Shangazi, pokea salamu zangu.

Mimi ni kijana wa miaka 23, naendesha boda hapa Busia, upande wa Uganda. Asili yetu ni Tororo, ila sote tumezaliwa hapa mpakani na Kiswahili ndicho tulichokulia, ndiyo maana nakuandikia wewe. Mama yetu alifariki mwezi wa pili mwaka huu kwa saratani ya mlango wa kizazi. Alikuwa anauza nyanya na vitunguu sokoni, wenzake walimwita Nalongo kwa kuwa alizaa mapacha, na wengi walilisikia jina lake halisi kwa mara ya kwanza siku ya mazishi. Baba aliondoka na lori kwenda Juba miaka mitano iliyopita, mtoto wetu wa mwisho akiwa bado tumboni. Alipiga simu Krismasi ya mwaka ule. Tangu hapo kimya.

Tumebaki watano. Baada yangu kuna msichana wa miaka 14, yuko P7, darasa la mwisho la msingi, mwaka huu ana mtihani. Wanafuata mapacha wa kiume wa miaka 9, ambao nitawaita Opio na Odongo kwa sababu kwetu ndivyo mapacha wanavyoitwa, kwa hiyo hakuna atakayewatambua kwa hilo. Wa mwisho ni Akello, jina la anayezaliwa baada ya mapacha. Ana miaka 5.

Siku ya kuondoa matanga wazee walikaa chini ya mwembe na daftari. Lilikuwa lile lile la shule lililoandikiwa michango ya mazishi. Kwanza waliandika vitu: sufuria kubwa mbili, viti vya plastiki sita, mbuzi watatu, godoro, redio. Kila kimoja kikapata wa kukichukua. Halafu baba mkubwa akalamba kidole, akafungua ukurasa mwingine, akasema, "Sasa watoto."

Dada yangu akaandikwa kwa shangazi yetu wa Kampala. Shangazi alisema dada wa kazi wake ameondoka juzi, kwa hiyo ni bahati, kitanda kiko wazi. Opio akaandikwa kwa mjomba wa Mbale. Mjomba alisema wazi kwamba hawezi wawili, mmoja tu, na akamchagua Opio kwa kuwa ana akili darasani. Odongo akaandikwa kwa baba mkubwa kijijini, kuna ng'ombe wa kuchunga. Akello kwa bibi, mama yake mama. Kiwanja chetu chenye vyumba viwili alivyojenga mama, baba mkubwa alisema kitazungumzwa baadaye, lakini mtu wa kununua yupo.

Mimi hawakuniandika popote. Walisema nimeshakuwa mwanaume, nioe.

Nilinyamaza, Shangazi. Hilo ndilo linalonila mpaka leo. Nilichoweza ni kuomba wamalize muhula wa pili kwanza, wakakubali. Muhula unaisha mwezi wa nane na simu zimeanza kuja za kuuliza watachukuliwa lini.

Hali ya nyumbani nikuambie ukweli. Siku nzuri nabaki na shilingi 20,000 za Uganda baada ya petroli, siku ya mvua hata 8,000 hazifiki. Kila Jumatatu nalipa 70,000 za mkopo wa pikipiki na imebaki miezi 14. Kodi hatulipi kwa sababu nyumba ni ya mama. Kuna wiki tunakula posho (ugali) na mukene (dagaa) siku tano mfululizo. Mimi mwenyewe niliacha shule S3, yaani kidato cha tatu. Shule zilipofungwa kwa korona Machi 2020 nilianza kubeba mizigo mpakani nikidhani ni wiki mbili tatu, zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2022 nilikuwa nimeshazoea kushika pesa, na mama alikuwa ameshazoea nimsaidie. Sitaki yawakute hao.

Dada yangu anaamka saa kumi na moja alfajiri. Anachota maji, anapika uji, anawaogesha wadogo, anafagia, ndipo aende shule. Mwalimu wake alinisimamisha barabarani akasema mtoto analala darasani. Usiku akipakua posho yeye hujiweka mwisho, na mara nyingi anasema ameshiba. Wiki iliyopita nilirudi mapema nikamkuta nyuma ya jiko anakwangua ukoko wa sufuria kwa kijiko. Aliponiona alicheka.

Odongo ameanza kukojoa kitandani, miaka tisa. Opio hajibu ukimwita. Na Akello, Shangazi, huyu ndiye aliyenifanya nikuandikie. Ana kavera nyeusi, mfuko wa plastiki, ambayo ndani ameweka gauni lake moja, kandambili na kipande cha kitenge cha mama. Analala nayo. Kumbe siku ile ya matanga alikuwa nyuma ya mwembe akisikiliza. Kila usiku ananiuliza, "Ni kesho?"

Mchumba wangu naye amesema hawezi kuolewa na mtu na watoto wanne kwa mpigo.

Sasa swali langu. Je, nikiwazuia ni ubinafsi? Huko waendako watakula. Shangazi wa Kampala ana nyumba ya vigae na watoto wake wanafuatwa na basi la shule mlangoni. Kuna usiku najiuliza kama nawapenda kweli au naogopa tu kubaki peke yangu ndani ya vyumba viwili.

Kaka yao, Busia


SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu,

Usiwagawe. Nakujibu mapema ili usisome barua yote roho ikiwa juu. Lakini kuwabeba peke yako nako sikuruhusu, na hapo ndipo penye kazi.

Kabla sijafika kwenye kazi, nikueleze kwa nini jibu limenitoka haraka. Mimi ni wa upande wa Masaka. Ukimwi ulianza kwetu mapema, Rakai walikuwa wanazika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ilipofika miaka ya 1990 ungeweza kupita kijiji ukakuta nyumba baada ya nyumba ni bibi na wajukuu tu. Wazee walikaa chini ya miti kama walivyokaa wa kwenu. Hawakuwa wabaya. Bibi mwenye wajukuu tisa na jembe moja utamwambia nini? Kugawa ndiko kulikoonekana kuokoa.

Sisi tulikuwa watatu. Mimi nikapelekwa Jinja, kaka yangu Mbarara, mdogo akabaki na bibi. Nilikula, nilisoma, sikupigwa, na walionilea nawashukuru mpaka leo. Nilimwona tena kaka yangu nikiwa na miaka 19, kwenye mazishi ya bibi. Alinyoosha mkono akasema, "Habari yako," kama unavyomsalimia karani wa benki. Yeye alikuwa amekuwa mtu wa Kinyankole, mimi nilikuwa nimeshageuka Msoga, Kiganda cha nyumbani kimebaki nusu nusu kwa kila mmoja, basi tukaishia kuongea Kiingereza cha shule mbele ya kaburi la bibi ambaye Kiingereza hakukijua. (Kiswahili nilikipata baadaye kwa kuolewa na mwanajeshi, ndiyo maana wakati mwingine kinatoka kama amri. Unisamehe.) Tuko hai wote watatu. Tunapigiana simu sikukuu. Ila mpaka leo nikiwa na shida, kaka yangu si mtu wa tatu wala wa nne ninayemfikiria, na najua yeye ni vivyo hivyo. Shamba la baba tulilidai tukalipata. Hili halina mahakama ya kulidai.

Usinielewe vibaya. Watu wazima wengi wa nchi hii wamepita kwa shangazi au kwa mjomba, na wengi walikuwa salama. Mtoto anaweza kulelewa mbali akakua vizuri kabisa ikiwa anajua anakwenda kwa sababu gani, atarudi lini, na akirudi atakuta mlango ule ule na ndugu wale wale. Akello hajaambiwa hata kimoja. Alichokisikia ni jina lake likifuata mbuzi na redio. Ndiyo maana amefunga mzigo.

Basi tuanze na huyo mwenye kavera. Usimnyang'anye, na usimwambie "acha ujinga". Usiku wa leo kaa kitandani kwake umwambie, "Si kesho. Kesho utaamka hapa, na mimi nitakuwepo." Useme maneno hayo hayo kila usiku, bila kuyapamba. Usiahidi miaka kumi, ahidi unachoweza kutimiza: "Krismasi tutaila hapa sote." Ipo siku utakuta kandambili zimetoka kwenye kavera zimewekwa mlangoni. Usimsifie wala usimwite jirani aje aone. Zipite tu kama kandambili za mtu yeyote.

Odongo kukojoa kitandani akiwa na miaka tisa, miezi michache baada ya kumzika mama, si jambo la ajabu wala si uvivu. Marufuku kiboko, marufuku kumwanikia godoro njiani watu wakaona. Apunguze kunywa maji baada ya jua kuzama, na wewe ukirudi saa nne usiku muamshe atoke nje. Ikiwa anaumia akikojoa, au mchana ana kiu isiyoisha, mpeleke kituo cha afya wampime. Huyo Opio asiyejibu akiitwa wala usimlazimishe kuongea. Mpandishe kwenye pikipiki jioni moja mkanunue mafuta ya taa. Wavulana wanasema mengi wakiwa nyuma ya mgongo wa mtu.

Sasa dada yako, na hapa nakaa.

Nimeshasoma barua nyingi za familia zilizofiwa, na karibu kila mara kuna msichana mmoja ambaye haandikwi kama shida. Anaandikwa kama msaada. Haombi kitu, hasumbui, amejifunza kusema "nimeshiba". Unavyomwona anacheka na kijiko mkononi unaweza kudhani amepoa. Hajapoa, mwanangu. Ameuchukua umama akiwa na miaka 14 kwa sababu kiti kilikuwa wazi na hakuna aliyemzuia kukikalia. Ukimwacha hapo miezi mingine minane, atafeli mtihani, kisha atatokea mtu mkubwa mwenye pikipiki nzuri kuliko yako atakayemuuliza, "Wewe umekula?" Atakuwa wa kwanza kumuuliza swali hilo mwaka mzima. Jinsi inavyoendelea hapo unajua, wewe ni mtu wa steji, unawabeba wasichana hao kwenda kliniki.

Kwa hiyo kuanzia leo posho unapakua wewe, au mtu mwingine yeyote isipokuwa yeye, na sahani ya kwanza ni yake. Siku ambayo hujarudi, mapacha wapakue. Hao mapacha nao wana mikono minne. Mtoto wa miaka tisa anachota maji kwa kidumu cha lita tano, anafagia, anaosha vyombo vyake na anamvalisha Akello viatu. Vitu vitavunjika, sawa. Dada yako aamke saa kumi na mbili kama mtoto wa shule.

Nenda kwa mwalimu yule aliyekusimamisha. Mweleze kwamba mama amekufa, kwa sababu naona kama shule inajua nusu tu. Mtihani wa PLE wa kumaliza msingi hufanyika mwezi wa kumi na moja, na watahiniwa huandikishwa UNEB, baraza la mitihani, mapema kupitia shule waliyopo. Mtoto akihamishwa mwezi wa nane kwenda Kampala, jina lake linabaki Busia, na bado atatakiwa kurudi kufanya mtihani huku. Hoja hii peke yake inatosha kumzuia dada yako asiguswe mpaka Novemba, na ni hoja ambayo hata mzee mbishi ataielewa, maana haihusu mapenzi.

Shangazi mwenzangu wa Kampala simfahamu, nisimsingizie. Inawezekana ana moyo mzuri. Lakini dada wa kazi ameondoka juzi na leo kitanda kina mwenyewe? Kitanda hicho kina ndoo na fagio chini yake. Muulize maswali mawili mbele za watu: mtoto ataandikwa S1 shule gani, na yeye atamwajiri nani kwa kazi za nyumbani. Akijibu vizuri, Januari mnaweza kuzungumza tena, dada yako mwenyewe akiwepo na akiulizwa anataka nini. Akikasirika kwa kuulizwa, umepata jibu.

Haya, ukoo. Umeniambia ulinyamaza chini ya mwembe, na unajilaumu. Mtoto aliyefiwa wiki ile ile hana mdomo mbele ya wazee, na wewe ulikuwa mtoto aliyefiwa, ingawa una ndevu. Kikao si amri ya Mungu. Kikao huitishwa tena. Mpigie baba mkubwa wewe mwenyewe, kwa adabu zote, umwambie unaomba wazee wakae tena kabla muhula haujaisha, mara hii Busia, nyumbani kwa marehemu, waone watoto wanapolala.

Na uwe na daftari lako. Kwenye lao waliandika watoto upande mmoja na majina ya watu upande wa pili. Kwenye lako uandike mizigo. Gunia la mahindi kwa muhula. Debe la maharage. Sare ya Opio na ya Odongo. Chakula cha mchana shuleni, kwa sababu ada ya shule za serikali chini ya UPE, mpango wa elimu ya msingi bure, hailipwi tangu 1997, lakini sote tunajua vile vikaratasi vya "leteni rimu, leteni fagio" na sufuria ya shule isiyojaa bila wazazi. Shule nyingi hupokea mahindi na maharage badala ya pesa, kaulize ya kwenu. Andika pia kwamba Akello hana nafasi ya bure mpaka afikishe miaka sita aingie P1, kwa hiyo kuna mwaka mmoja wa mtu wa kumwangalia mchana. Na mwisho andika S1 ya dada yako, kwa herufi kubwa, maana hiyo ndiyo inayokuja na pesa nyingi.

Kisha mzungushie kila mtu achague mstari. Mjomba wa Mbale alikuwa tayari kumlisha Opio mwaka mzima? Vizuri sana, na Mungu ambariki. Basi atume Busia kile ambacho Opio angekila Mbale. Baba mkubwa mwenye ng'ombe hakosi mahindi. Utaona nyuso zikibadilika. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wengi waliokuwa wepesi kumchukua mtoto watakuwa wazito kulichukua gunia, kwa sababu mtoto anachunga ng'ombe na gunia halichungi. Usitukane mtu. Katika watano watatoa wawili, na mmoja wa hao wawili atachelewa. Bado ni zaidi ya ulichonacho leo.

Bibi ndiye ninayemtaka kuliko wote. Wamepanga Akello aende kwa bibi. Je, hakuna aliyefikiria bibi aje kwa Akello? Hata kama ni muhula wa tatu tu, mpaka dada yako amalize mtihani. Bibi ana kuku wake na migomba yake, najua, na kumng'oa bibi kijijini si mchezo. Mwombe kwa jina la binti yake. Mtu mzima mmoja akiwa jikoni mchana, nusu ya barua uliyoniandikia inafutika.

Likizo nazo zisipotee bure. Mapacha waende Mbale wiki mbili za Desemba kabla ya Krismasi, wote wawili. Mjomba akisema mmoja, mwambie mapacha hawauzwi rejareja. Waende wakijua tarehe ya kurudi, na tarehe hiyo ikifika warudi. Huo ndio ujamaa ninaoujua, na wewe utapata wiki mbili za kupumua.

Kiwanja kisiuzwe, na hili halina huruma. Baba mkubwa hana mamlaka ya kuuza mali ya marehemu kabla mahakama haijampa mtu hati ya kusimamia mirathi, na anayeigusa bila hati hiyo anafanya kosa. Sheria ya mirathi ilirekebishwa 2022 na haimbagui mtoto wa kike. Dada yako na Akello wana fungu sawa na ninyi wavulana. Peleka taarifa ya kifo na ya kiwanja kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, mapema, na umwambie kwa maneno yako kwamba watoto wanaishi humo. Muuzaji akimleta mnunuzi, mwenyekiti ndiye atakayeombwa mhuri, kwa hiyo ni vizuri awe ameshasikia upande wako. Karatasi za mama za kununua kiwanja zitoe ndani ya nyumba, zipigwe nakala, zilale kwa mtu unayemwamini asiye wa ukoo.

Ukiwa hapo LC, fahamu kwamba makamu mwenyekiti wa LC1 ndiye mwenye jukumu la mambo ya watoto. Wengi hawajui, wakati mwingine hata yeye mwenyewe. Na wilayani kuna afisa wa ustawi wa jamii, yule wanaomwita wa probesheni. Wewe umepita miaka 18, na sheria yetu ya watoto inatambua mlezi anayeteuliwa na familia kwa mila pale wazazi wamefariki au hawapatikani, kwa hiyo usikubali kuambiwa wewe ni kijana tu. Mwombe afisa huyo ahudhurie kikao au angalau asome mlichokubaliana. Mtu akija kumchukua mtoto kwa nguvu, au ukisikia mtoto anateswa popote alipo, piga 116. Ni bure.

Baba yenu je? Mtume salamu kupitia madereva. Malori mengi ya Juba hupita Elegu, mpakani na Sudan Kusini, na madereva wanajuana kuliko anavyodhani mtu aliyejificha. Ajue kwamba mkewe amekufa na kwamba ana binti ambaye hajawahi kumwona. Ukimpata, afisa wa ustawi anajua jinsi ya kumdai matunzo. Ila usipangie kitu pesa zake.

Mchumba wako amesema ukweli wake mapema, mshukuru. Si kila msichana wa rika lako anaweza, na si dhambi.

Nirudi kwenye mstari ulioniinua kitini: "Mimi hawakuniandika popote." Nilisoma barua yako hadi hapo nikasimama, nikaenda kunywa maji. Waligawa sufuria, wakagawa wadogo zako, na wewe wakakupa ruhusa ya kuoa. Mama alikuwa wako pia. Ulikuwa naye miaka 23, wengine wote walimpata pungufu ya hapo. Unauliza kama unawapenda au unaogopa kubaki peke yako. Vyote viwili, na sioni kosa lilipo. Wao nao wanaogopa kubaki bila wewe. Watu wanaoogopana kuachana ndio wanaoitwa familia, hata kama chakula ni mukene Jumatatu mpaka Ijumaa.

Lakini mtu wa namna hiyo huanguka ghafla, na ukianguka wewe ule mwembe utakaliwa tena. Kamwone aliyekukopesha pikipiki sasa, kabla hujakosa Jumatatu hata moja, umweleze msiba na umwombe muda. Mtu anayekuja kabla ya kuchelewa husikilizwa tofauti. Wenzako wa steji nao waambie. Wanasema jina boda boda lenyewe lilizaliwa hapo kwenu Busia, na wale waliokuwa wakivusha watu kwa baiskeli. Sidhani kama steji ya Busia ya leo inakosa sanduku la kuchangishana. Jumapili moja kwa mwezi usifanye kazi. Nendeni Tororo kaburini, wote watano kwenye pikipiki hiyo moja ikibidi (polisi wasisome hapa), mpalilie, mle mandazi, mrudi.

Kikao kiwe Jumamosi asubuhi, kabla wazee hawajaanza kunywa. Mwenyekiti wa LC1 akae karibu na baba mkubwa ili asiweze kuondoka bila kuaga. Dada yako akae kitini, asipike siku hiyo, waambie wanawake wa sokoni waliomwita mama yako Nalongo waje na sufuria zao. Kila aliyechagua mstari atie sahihi mbele ya jina lake, mhuri upigwe siku hiyo hiyo. Nenda na kalamu mbili, maana ya kwanza huisha wino mtu akitakiwa kusaini gunia.

Shangazi